Caprice ya 1976: chuma tupu, lakini watoto wapande?

Swali:

"Salamu fundi. Mi ni mtu wa Mombasa, niko Columbus, Ohio mwaka wa sita sasa. Jirani yetu mama mmoja alifiwa na mumewe na anauza Chevrolet Caprice Classic ya 1976, V8, rangi ya maziwa na paa jeusi la vinaili, maili 41,000 tu, imekaa garaji tangu 2012. Anataka dola 6,500. Nataka niuze Corolla yangu niwe naendea hiyo kazini, maili 28 kwenda na 28 kurudi, na kupeleka watoto shule, mmoja ana miaka 6 mwingine 3. Marafiki wamegawanyika. Wengine wanasema magari yale yalikuwa chuma tupu, mkigongana anayeumia ni mwenzio, na hayana kompyuta ya kuharibika. Wengine wanasema ni mapipa ya kunywa petroli tu. Mzee mmoja kaniambia petroli ya siku hizi itamaliza injini mpaka niwe nachanganya dawa ya risasi (ile madini ya lead). Mke wangu hataki hata kuisikia. Na je, nikichoka nayo naweza kuituma Mombasa? Nipe ukweli."

Jibu:

Ndugu yangu, rangi ya maziwa na paa jeusi, hata mi ningesimama nikashuka kuangalia, kwa hiyo sikulaumu. Nimeshika spana Toledo hapo juu yenu miaka kumi na tisa, kabla ya hapo nilikuwa Tanga kwenye Land Rover na Peugeot 504, na haya magari makubwa ya Kimarekani nayapenda kwa moyo wote. Ndo maana sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Jibu fupi ni hili: ukitaka nunua, ila Corolla usiuze, na watoto wasiende nayo shule. Shemeji ana haki kwenye jambo moja na jambo lenyewe ni kubwa kuliko mengine yote, nitalifikia.

Tuanze na hilo la chuma tupu, maana ndo ubishi wa kila kijiwe. Ni kweli chuma ni kingi, hiyo gari ina zaidi ya mita tano na nusu na uzito wake unakaribia tani mbili, ukigusana na mtu kwa mwendo wa kupaki yeye anatafuta bampa mpya wewe unafuta vumbi. Ila hapo watu wanachanganya uzima wa gari na uzima wa aliyemo ndani, na hivyo viwili mara nyingi haviendi pamoja. Nikuulize, pale Mombasa umewahi kushuka matatu ambayo haijasimama sawasawa? Ukitua ukaganda unakula lami. Ukitua ukakimbia nayo hatua tatu nne unabaki mzima, na mwendo ulikuwa ule ule, tofauti ni kwamba umepata nafasi ya kuumaliza kidogo kidogo. Sasa pua ya gari ya kisasa inavyokunjika kama kopo ndo zile hatua nne. Imetengenezwa ife yenyewe, na chumba cha abiria nyuma yake kimetengenezwa kigome kukunjika. Gari ya zamani haikupangiwa ipi ikunjike na ipi ibaki, kwa hiyo kwenye ajali kubwa pua inagoma, mwendo wote unakuja kwako, na ukizidi kinachokunjika ni kile kile chumba ulichokaa.

Na hii si nadharia ya fundi. Mwaka 2009 IIHS, ile taasisi ya kampuni za bima inayopima ajali hapa Marekani, walikuwa wanatimiza miaka 50, wakachukua Chevrolet Bel Air ya 1959 wakaigonganisha na Chevrolet Malibu ya 2009, nusu pua kwa nusu pua, kila moja maili 40 kwa saa. Watu walitegemea lile dude la 1959 lipite katikati ya Malibu kama kisu. Kilichotokea, chumba cha Bel Air kilijikunja, usukani na dashibodi vikamfuata yule dereva wa bandia kwenye kiti, angekuwa binadamu asingepona. Malibu pua yote iliisha, na dereva wake angetoka na maumivu ya mguu.

Sasa niwe mkweli pande zote, maana wapenzi wa magari ya zamani hawajaacha kulalamikia jaribio lile na hawakosi hoja. Bel Air ya 1959 ilikuwa na chesisi ya umbo la X isiyo na mbavu pembeni, na gari yako si hiyo. Caprice ya 1976 chesisi yake inazunguka pembeni, ina vyuma ndani ya milango, usukani unaojikunja ukigongwa, mikanda ya bega kwa wa mbele, breki za diski mbele, na masta silinda (pampu kuu ya breki) yenye njia mbili ili upande mmoja ukivuja usibaki bila breki kabisa (mtu akikuuzia gari ya Kimarekani ya kabla ya 1967 hilo la masta silinda liangalie kwanza, nyingi zilikuwa na njia moja tu, tundu moja na umekwisha). Kwa hiyo miaka kumi na saba ile ilifanya kazi. Ila mifuko ya hewa haina. Na cha kuchekesha, GM wenyewe, kampuni mama ya Chevrolet, waliiuza mifuko ya hewa 1974 mpaka 1976 kwenye baadhi ya Oldsmobile, Buick na Cadillac, watu wakaona ni gharama ya bure, hawakununua, wakaiacha.

Haya, shemeji. Nenda kiti cha nyuma cha hiyo gari ukae, tafuta mkanda. Utakuta mkanda wa tumbo peke yake, pengine umezama chini ya kiti na utabidi uingize mkono uuvute pamoja na chenji za mwaka 1980. Mkanda wa bega nyuma ulikuja kuwa lazima kwenye magari ya abiria ya modeli ya 1990. Mtoto wa miaka 6 kwa kawaida anakaa kwenye busta, na busta kazi yake ni kumpandisha ili mkanda wa bega umpite kifuani na wa kiuno ukae kwenye mfupa wa nyonga. Pasipo mkanda wa bega busta haina kazi, hata maelekezo yake yanakukataza, kwa sababu gari ikisimama ghafla mtoto anajikunja juu ya ule mkanda, nao unapanda tumboni kwenye maini na utumbo, na kichwa kinakwenda kugonga kiti cha mbele. Huyu wa miaka 3 ana nafuu kidogo kwa sababu kiti chake kina mikanda yake ya ndani na kinaweza kufungwa kwa mkanda wa tumbo, lakini kifungio cha zamani mara nyingi hakikazi mkanda ukabaki umekazwa, kiti kinacheza, na ndoano za kisasa za viti vya watoto, zile zilizokuwa lazima kwa magari yote kuanzia modeli ya 2003, hapo hakuna. Watu wanaongeza mikanda ya bega nyuma, inawezekana, ila bolti ikifungwa kwenye bati badala ya kwenye chuma chenyewe itang'oka siku unayoihitaji. Hiyo usifanye wewe na usifanyiwe na rafiki. Na ukitaka kuhakikisha haya yote usiniamini mi, chukua gari na viti vyako uende kwa fundi mwenye cheti cha viti vya watoto, miji mingi wanapatikana kwenye vituo vya zimamoto, watakuangalizia kwa mikono yao.

Tukitoka hapo mambo yanaanza kuwa matamu. Injini. Kuna uwezekano mkubwa ni 350, lita 5.7, ya familia ile ndogo ya V8 ambayo Chevrolet waliianza 1955 na ikakaa miongo kwa miongo, na ni kati ya injini zenye spea nyingi na rahisi kuliko zote nchi hii. Duka lolote la spea hapo Columbus, wota pampu unaipata leo leo. Ukifungua boneti unaona barabara pande zote mbili, mkono mzima unaingia mpaka kwenye plagi, unakumbuka zile gari za sasa ambazo kubadilisha betri tu unafungua nusu ya gari. Giaboksi ya otomatiki za GM za wakati ule ndo usiseme, ile kubwa ya Turbo-Hydramatic 400 mpaka Rolls-Royce waliifunga kwenye gari zao. Sema spana zako za milimita ulizokuja nazo ziweke kando, hapo ni inchi tupu, nusu, tisa ya kumi na sita, ukilazimisha ya milimita unakula kichwa cha bolti halafu unaniandikia tena.

Lakini usitegemee kasi. Hapa kuna kitu watu hawaelewi, wanaona V8 wanadhani ni ndege. Mpaka 1971 viwanda vilikuwa vinatangaza hosipawa (nguvu za farasi) za injini iliyopimwa mezani, haina feni, haina ekzosi kamili, imevuliwa kila kinachoivuta. Kuanzia 1972 wakaanza kutangaza za injini ilivyo ndani ya gari, na wakati huo huo walishapunguza kompresheni ili zitumie petroli isiyo na risasi na kufuata sheria za moshi. Ndo maana Cadillac ya lita 8.2 ilitangazwa hosipawa 400 mwaka 1970 na 1976 injini ya ukubwa ule ule ikawa 190. 350 ya gari yako ni 145 au 165 kutegemea kabureta. Camry ya juzi ya silinda nne ina zaidi ya 200. Utamu wa hiyo Caprice uko kwenye mvuto wa chini, unaondoka kwenye taa kama mtu anavuta zulia, na kwenye mashimo unaelea. Kwenye kona unaelea vilevile, hiyo ujiandae.

Hilo la dawa ya risasi mzee wako amechanganya miaka, maana kwa gari za kabla ya 1971 hivi ana hoja. Risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu, ikiondoka viti laini vinaliwa taratibu hasa ukikimbiza gari kwa muda mrefu. Lakini ya 1976 ilitengenezwa kwa petroli isiyo na risasi tangu kiwandani, fungua kifuniko cha mafuta utakuta imeandikwa, na chini ina katalitiki, chombo cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, ambayo risasi halisi ingeiua. Usitie kitu. Cha kuogopa kwenye petroli ya leo ni ethanoli, hiyo asilimia 10, inalainisha mipira ya zamani, kwa hiyo paipu zote za mpira za mafuta zibadilishwe kabla ya safari ya kwanza, ni dola chache na ndizo zinazowasha moto chini ya boneti. Na oili, tafuta yenye zinki ya kutosha, inayoandikwa ni ya injini za zamani, kwa sababu kamshafti ya injini hizo inasugua moja kwa moja na oili za leo zinki imepunguzwa.

Na hazina kompyuta, ndiyo, ila zina kitu kingine kinaitwa wewe. Kompyuta ya Corolla inarekebisha petroli na moto kila sekunde wewe unasikiliza redio. Kwenye Caprice choki ikikataa asubuhi ya Januari ni wewe na bisibisi, paipu ndogo ya vakyumu ikipasuka injini inatetemeka na hakuna taa itakayokwambia iko wapi, na ziko nyingi. Haziharibiki kwa gharama kubwa ya ghafla, zinadai kidogo kidogo kila wiki kama mtoto wa shangazi anayekaa kwako. Angalau 1976 moto wake ni wa elektroniki, zile kontakti za kusafisha kwa msasa zilishaondoka.

Kinachoua gari hizi Ohio ni kutu, na hapo ndo naomba uwe mpole kabla ya kutoa hela. Chumvi ya barabarani wakati wa baridi inakula chesisi kutoka ndani, nje inang'aa. Niliwahi kupandisha Impala ya 1972 juu ya lifti, mwenyewe kaipiga nta mpaka unajiona, nikagusa chesisi juu ya tairi la nyuma kwa bisibisi, bila kusukuma, ikaingia mpaka mpini kama naichoma kwenye mkate uliolowa. Yule bwana alikaa chini kabisa. Yako ina paa la vinaili, na vinaili inashika maji chini yake miaka na miaka, pitisha kidole pembeni ya kioo cha nyuma, ukiona vimbe vimbe ukizibonyeza zikalia kama kaukau, chini yake hakuna bati, kuna unga. Maji yakishapita hapo yanashuka kwenye buti, kwa hiyo nyanyua zulia la buti, na la miguuni kwa dereva pia. Chukua sumaku ya friji uifunge kitambaa upitishe juu ya matao ya tairi na chini ya milango, pasiposhika ni puti ya kuzibia, si bati. Halafu lipa gereji yoyote iliyo karibu waipandishe juu wakague chini na wewe ukiwa umesimama pale, na mama akikataa isipandishwe, mshukuru uondoke.

Maili 41,000 usizisherehekee bado. Kisomeo chake kina tarakimu tano, kikifika 99,999 kinaanza sifuri, kwa hiyo inaweza kuwa 141,000. Angalia mpira wa pedali ya breki, kama umelika mpaka chuma, hiyo 41 ni ya pili. Tairi zisome, mwisho wa ule msururu wa DOT kuna tarakimu nne, wiki na mwaka, ikiandikwa 2309 ni wiki ya 23 ya 2009, hata kashata (meno ya tairi) zikiwa nzima hizo ni za kutupa. Na kwa kuwa imelala tangu 2012 usimwambie mama aiwashe ili usikie inavyonguruma. Petroli ya ndani imeshakuwa kama vanishi, inamwagwa kwanza, injini inazungushwa kwa mkono, na breki zote zinafunguliwa maana maji yameshaingia kwenye mafuta ya breki na silinda za magurudumu zina kutu. Kazi hiyo yote iweke kwenye bei wakati wa kuelewana.

Waliosema pipa la petroli hawakudanganya. Kwa wiki unatembea maili 280 za kazini tu. Caprice hiyo mjini na barabara kuu tuseme maili 12 kwa galoni, ni galoni 23 na kitu. Gari ya maili 28 kwa galoni inamaliza wiki hiyo hiyo na galoni 10, na Corolla yako inakunywa pungufu ya hapo. Zidisha tofauti kwa bei ya kituo chenu, kisha kwa wiki 50. Ukiitoa Jumapili peke yake hesabu hiyo haikuumizi kabisa, na kuna bima za magari ya kihistoria za bei ndogo ambapo mnakubaliana thamani mapema, ila nyingi zinataka uwe na gari nyingine ya kila siku na garaji ya kulaza. Unaona Corolla inarudi tena.

Kama moyo unataka V8 na watoto wakae ndani, mi ningekuelekeza kwenye Ford Crown Victoria au nduguye Mercury Grand Marquis, zilitengenezwa mpaka 2011, tafuta ya 2003 kuendelea. Ni Mmarekani yule yule wa zamani, bodi juu ya chesisi, V8 ya lita 4.6, buti la kuweka ng'ombe, lakini ina mifuko ya hewa, mikanda ya bega nyuma na ndoano za viti. Zile za katikati ya miaka ya 90 mpaka 2001 nyingi manifoldi yake ya plastiki, ile ya kuingiza hewa kwenye injini, inapasuka, ndo sababu nyingine nasema 2003. Haina sura ya Caprice, najua. Na ukiambiwa kuna Oldsmobile ya dizeli ya 1978 mpaka 1985 kwa bei ya kutupa, kimbia, bolti za silinda hedi zilikuwa chache kwa presha ya dizeli na kichujio cha kutoa maji kwenye dizeli hakikuwekwa, gasketi zilikuwa zinakwenda kama karanga.

Mombasa sahau kwa sasa. Kenya gari ya mtumba isizidi miaka minane na usukani uwe kulia, na yako inakosa yote mawili kwa mbali. Kama kuna msamaha wowote kwa gari za kihistoria, majibu yatoke KEBS (shirika la viwango la Kenya) na KRA (mamlaka ya kodi) kwa maandishi kabla hujalipia kontena, usisikilize mtu wa kliaringi anayekwambia "lete tu tutaongea".

Sasa Jumamosi ukienda na sumaku yako, angalia dashibodi upande wa dereva kupitia kioo cha mbele, kuna kibati chenye namba ya gari ya herufi na tarakimu 13. Kwanza hakikisha inafanana na iliyo kwenye hati ya mama, halafu niandikie ile ya tano kutoka kushoto, hiyo ndo itakayosema injini iliyotoka nayo kiwandani ni ipi. Kama si ya 350 bei tunaiongea upya.